Mgonjwa Asiyejionesha

Asteria ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na haya ameyasimulia mara mbili tu. Mara ya kwanza alisimulia akilia. Mara ya pili hakulia, na hiyo ya pili ndiyo iliyoniogopesha zaidi.

Mara zote mbili alianza na Jumatano ya kwanza ya Juni, asubuhi ya kawaida kabisa. Makambako ilikuwa na ukungu ule wa kuwafanya bodaboda wawashe taa saa tatu asubuhi, na kwenye benchi la kituo cha afya wagonjwa walikuwa wamebanana, sweta juu ya sweta, wakikohoa kwa kupokezana. Asteria alikuwa tabibu wa zamu. Watu walimwita daktari na alishachoka kuwasahihisha. Alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu aliilinda kwa kila njia: hakuinua ndoo, hakukimbia, hakugombana na mtu. Mumewe, Davis, alimbembeleza achukue likizo. Alikataa, akasema akibaki nyumbani atashinda anasikiliza tumbo kutwa nzima.

Kazini alikuwa na sifa moja, alijua kuuliza. Wapo wenzake ambao mgonjwa akisema tu "naumwa mguu" wanaandika dawa ya mguu na kuita anayefuata. Asteria aliweka kalamu chini kwanza. Maumivu yalianza lini? Ghafla au polepole? Yanachoma au yanakata? Yanasambaa kwenda wapi? Nini kinayazidisha, nini kinayapunguza? Na kwa kuwa wazee wengi wa huku Kiswahili chao ni cha sokoni na ofisini, alikuwa na njia yake ya kuwarahisishia. Alijigusa. "Hapa? Au hapa?" Mkono ulitembea kwenye mwili wake mwenyewe mpaka mgonjwa aitikie kwa kichwa.

Bibi yake kule Lugarawa angemfokea. Kwao, kama kwa wengi wetu, ukieleza ugonjwa wa mwenzako hujigusi, na mkono ukiteleza ukagusa, unasema haraka "sijioneshei" na kuuondoa. Asteria alikua akisema hivyo. Alipofika chuoni aliyacheka hayo mambo pamoja na wenzake, akayaacha hukohuko.

Siku hiyo bajaji ilimshusha mzee mmoja mlangoni, akabebwa hadi chumba namba mbili. Aliandikishwa kwa jina la Mzee Lukas, kutoka upande wa Kifanya. Aliyekuja naye alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa kitenge safi na sweta la kijani, akajitambulisha kuwa anaitwa Idda, mke wa mtoto wa huyo mzee.

"Baba hajui Kiswahili, daktari. Anaongea Kikinga tu. Mimi nitakutafsiria."

Asteria ni Mpangwa, Kikinga hakijui. Akakubali, kwa sababu ndivyo inavyofanyika kila siku. Mgonjwa anaongea, ndugu anageuza, tabibu anaandika. Huwezi kumdai kila mzee alete mkalimani wa serikali.

Mzee alizungumza kwa sauti ya chini, sentensi fupi fupi, bila kumtazama Idda. Alimtazama Asteria mikono.

"Anasema ni mguu wa kulia, chini," alisema Idda. "Umeanza Jumatano iliyopita. Unauma kama mtu anayekamua nguo mbichi."

"Hapa?" Asteria aliinama kidogo, akashika kifundo cha mguu wake mwenyewe. "Au hapa kwenye wayo?"

Mzee akaitikia.

"Kuna kinachopunguza maumivu?"

Idda akageuza swali. Mzee akajibu neno moja au mawili.

"Anasema yanapungua akiulizwa."

Asteria akatabasamu. Amewaona wengi, wazee wapweke ambao dawa yao ya kwanza ni mtu wa kukaa nao dakika kumi. Akaandika dawa ya maumivu, akawapa tarehe ya kurudi. Kesho yake aliamka na kifundo cha mguu wa kulia kimevimba, akajiambia kuwa ndiyo mimba hiyo.

Jumatano ya pili mzee hakubebwa. Alikuja kwa mkongojo. Mguu ulikuwa umepona kabisa, Idda alisema, na mzee anashukuru, ila sasa ni goti. Asteria akauliza yote upya, akaweka kiganja juu ya goti lake, upande wa ndani, upande wa nje, mpaka mzee akaitikia. Alifurahi, tena alijisifu chumba cha chai kwamba mgonjwa wake kapona ndani ya wiki moja. Jioni alishuka ngazi tatu za kituo akiwa ameshika ukuta.

Aliyemshtua ni Rebeka, mkunga wa kituo, aliyekuwa akimpima kwenye mahudhurio yake ya kliniki. Ilikuwa Ijumaa. Rebeka alimwona anavyochechemea, akamkalisha na kuanza kumhoji kama anavyohojiwa mgonjwa yeyote.

"Umeanza kuuma lini?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita. Kwanza huku chini, sasa umepanda kwenye goti."

"Unauma vipi?"

"Kama mtu anayekamua nguo mbichi," Asteria alijibu.

Rebeka aliandika tu. Asteria akaitazama kalamu ikiyaandika. Hayo maneno hayakuwa yake. Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake kwenye faili la mtu mwingine, tena mara mbili.

Mtu mwenye elimu hakubali jambo kama hilo siku moja, na Asteria hakukubali. Alijisomea mwenyewe: mimba hulegeza viungo, mimba huvimbisha miguu. Lakini shaka ikishaingia haiombi ruhusa. Aliyafungua mafaili, akalinganisha tarehe. Alijaribu kukumbuka kama mzee aliwahi hata mara moja kujigusa pale panapomuuma. Kila mgonjwa hujigusa. Anayeumwa jino anashika shavu hata kabla hujamuuliza jina. Mzee Lukas mikono yake ilikaa magotini, imetulia.

Basi akamwendea Mama Anyisile. Huyu alikuwa mhudumu wa usafi pale kituoni, mama Mkinga wa miaka hamsini na mitano kutoka Makete, mjane, mcheshi, anayejua siri za kituo kizima na hasemi hata moja. Tangu mimba ya pili itoke alikuwa amemfanya Asteria mtoto wake. Ndoo za Asteria alibeba yeye.

"Jumatano ukae nyuma ya pazia la kitanda," Asteria alimwambia. "Uniambie mzee anasema nini."

"Kwani huyo mkwe hakuambii?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Jumatano ya tatu mzee alikuja akiwa ameshika mkongojo mkononi bila kuuegemea. Idda akasema goti limepona, sasa ni nyonga. Asteria, najua mtamlaumu, na mimi nilimlaumu, alijigusa tena. Anasema hakukusudia. Ni kazi ya miaka minane, mkono unakwenda wenyewe. Aligusa nyonga yake ya kulia, akashtuka, akauondoa mkono. Mzee alikuwa ameshaitikia.

Walipotoka, Mama Anyisile hakutoka nyuma ya pazia mara moja. Asteria alilisogeza mwenyewe. Yule mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kitambaa cha kufutia sakafu kwa mikono miwili.

"Funga mlango kwanza," alinong'ona.

Asteria akafunga.

"Yule mzee hajasema anaumwa. Hakuna neno la kuumwa alilosema."

"Amesema nini sasa?"

"Amesema, mwambie aoneshe. Aweke mkono na mkono ukae. Umeuondoa mapema, akakasirika." Akameza mate. "Halafu amemuuliza yule mwanamke, mimba ina miezi mingapi. Akajibiwa mitano na nusu. Akasema, basi Jumatano ni tumbo."

Asteria alikaa chini. Nyonga ilikuwa imeanza.

"Na yule si mkwe wake," Mama Anyisile aliendelea. "Mkwe wa Kikinga haongei na baba mkwe hivyo. Huyu anamwita mzee kama wewe unavyomwita msaidizi wako."

Mtu atauliza kwa nini hakukaa nyumbani Jumatano ya nne. Alijaribu. Alikwenda kwa mganga mfawidhi wa kituo kuomba ruhusa, akaulizwa sababu, akasimama pale na sababu yake mdomoni isitoke. Angesema nini? Kwamba ana mgonjwa anayepona sana? Isitoshe mwenzake wa zamu alikuwa semina Njombe, na wagonjwa sitini hawana wa kuwaona. Davis alimwambia aache ushirikina, halafu usiku ule akalala ameweka mkono juu ya tumbo la mkewe. Mama Anyisile yeye alimwambia neno moja tu.

"Usijiguse. Hata nywele."

Jumatano ile Mama Anyisile aliamka na kichwa kizito, akaja kazini hivyohivyo. Asteria alimpima presha kabla ya wagonjwa kuanza, akaiandika kwenye fomu, akaiweka mezani ili akipata nafasi amwandikie dawa. Kisha yule mama akachukua ndoo na mopu, akaenda kusafisha korido karibu na mlango wa chumba namba mbili, asikike kuwa yupo.

Saa nne kasoro waliingia. Mzee Lukas alitembea mwenyewe, mgongo umenyooka, hana mkongojo. Uso wake ulikuwa umejaa. Alikaa bila kukaribishwa.

"Leo ni tumbo," alisema Idda.

Asteria alikuwa ameingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti. "Yameanza lini?"

"Bado hayajaanza vizuri. Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Umuulize vizuri kama unavyomuulizaga siku zote, daktari. Hapa, au hapa. Baba haelewi bila kuoneshwa."

"Aoneshe yeye. Tumbo ni lake."

Nje mopu ilisugua sakafu. Asteria anasema mtoto alikuwa na tabia ya kucheza saa zile, kila siku, baada ya chai. Siku ile alicheza mara moja, kisha akatulia. Asteria akasubiri. Mtoto akatulia zaidi. Alihisi baridi ikianzia kitovuni na kushuka, na mikono ndani ya mifuko ikaanza kumwasha kutaka kushika tumbo, kama mama yeyote anavyofanya mtoto akinyamaza. Alikunja ngumi.

"Aoneshe mwenyewe," alirudia.

Mzee akainama mbele.

"Mimi sijioneshei," alisema. Kwa Kiswahili. Kiswahili safi kabisa.

Idda hakutafsiri. Alitabasamu tu.

Asteria akatafuta cha kufanya. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeshatoka mfukoni, kinakuja tumboni, anakiona kinakuja. Akakipeleka mezani kwa nguvu. Kikaangukia kalamu. Akavuta karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu, akaigeuza upande mweupe, akachora haraka tumbo kama wanavyolichora matabibu kwenye mafaili, umbo la pembe sita na nukta ya kitovu katikati. Akaisukuma mbele ya mzee pamoja na kalamu.

"Weka alama hapo. Panapouma."

Mzee aliitazama karatasi muda mrefu. Akamtazama Idda. Idda akaichukua, akaigeuza upande wa pili, akasoma kilichoandikwa huko. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akairudisha mezani, mchoro ukiwa juu, na kumwitikia mzee kwa kichwa.

Hapo ndipo mimi na Asteria tunaposhindwa kutazamana akisimulia. Alimwona Idda akisoma. Alimwona akikubali. Angeweza kuinyang'anya ile karatasi. Anaapa hakujua ni karatasi gani, na mimi simbishii. Lakini kujua hakujua, na kuuliza hakuuliza, yeye ambaye kazi yake yote ni kuuliza.

Mzee alichukua kalamu, akaweka msalaba mdogo wa wino wa bluu, kushoto kwa kitovu. Mtoto akapiga teke. Akapiga tena, kwa nguvu, na baridi yote ikamtoka Asteria. Alitaka kulia kwa furaha.

"Asante, daktari," alisema mzee. Wakatoka wote wawili, hawakungoja dawa.

Asteria akaigeuza karatasi. Ilikuwa fomu ya presha. Jina lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa, ANYISILE.

Kule korido ndoo ikaanguka.

Walimkuta amelala kwenye maji machafu, amejikunja. Hakupiga kelele. Gari la kituo lilimpeleka hospitali kubwa siku hiyohiyo, wakampiga picha, wakampasua, wakamshona. Hawakuona kitu. Utumbo mzima, ini zima. Daktari wa upasuaji alimwambia Asteria kwamba hajawahi kuona mtu mwenye maumivu makali hivyo na tumbo zuri namna ile.

Jumamosi mchana Asteria alikwenda kumwona. Wodi ilikuwa na jua, ndugu wa wagonjwa wakila ugali kwenye vyombo vya plastiki. Mama Anyisile alikuwa amepungua ghafla, kitanda kimemzidi. Alimwita kwa kidole. Akasogeza shuka, akavuta gauni la hospitali pembeni kidogo. Chini ya plasta ya mshono, kushoto kwa kitovu, palikuwa na msalaba mdogo wa bluu.

"Manesi wamesugua na spiriti," alinong'ona. "Hautoki."

Asteria akaufunika kwa shuka.

"Ulimpa karatasi gani, mwanangu?"

"Sikuangalia, mama. Naapa sikuangalia."

"Sawa." Yule mama alifumba macho, maumivu yakapita, akafumbua. "Nisikilize sasa. Maumivu yanapungua ukioneshwa. Nimelijua hilo humu ndani, nikilala peke yangu. Nioneshe wewe. Mara moja tu, uguse mahali pangu kwenye tumbo lako."

Asteria alirudi nyuma hatua moja. Anasema hakuamua. Mikono ilikwenda nyuma ya mgongo yenyewe, vidole vikashikana, na akasimama hivyo mbele ya mtu aliyembebea ndoo miezi mitano, kama mtoto aliyeiba sukari. Alimpenda yule mama. Nataka mlijue hilo. Alimpenda, na mikono haikutoka mgongoni.

Mama Anyisile aliitazama ile mikono isiyoonekana. Akacheka kidogo, cheko la pua.

"Vizuri," alisema. "Nilitaka kuona kama utakataa."

Alifariki Jumapili, saa nne asubuhi. Wanawake waliomuosha walimuuliza Asteria ni daktari gani huyo anayewachorachora watu kwa kalamu. Alizikwa kwao Makete. Asteria hakwenda, mimba ilikuwa sababu nzuri. Mzee Lukas na Idda hawakurudi tena kituoni, na watu wa Kifanya walioulizwa walisema hawajui mzee wa namna hiyo wala mkwe wake.

Mtoto alizaliwa Oktoba, salama, wa kike, kilo tatu na nusu. Wakamwita Anyisile. Davis ndiye aliyependekeza, na Asteria asingeweza kukataa bila kueleza. Ana miaka miwili na nusu sasa, mzuri, mwenye afya. Nguo za shughuli amevishwa mpaka tumechoka kumsifia. Nyumbani kwao hakuna anayejigusa akisimulia ugonjwa wa mtu. Davis mwenyewe, aliyekuwa anacheka, siku hizi akisimulia ajali ya barabarani anaweka mikono chini ya mapaja. Na mtoto hakuna aliyemwambia chochote kuhusu mambo haya. Nani atamwambia mtoto wa miaka miwili?

Mwezi uliopita alianguka kwenye kibaraza changu. Nikamwinua, nikampangusa, mama yake akaja mbio kutoka nyumba ya tatu.

"Unaumwa wapi, mama?" Asteria alimuuliza. "Nioneshe."

Mtoto wa kawaida angeshika goti lake. Lilikuwa linatoka damu, nililiona. Yeye hakulishika. Aliacha kulia, akamtazama mama yake mikono, akauchukua mkono wa kulia wa Asteria kwa vidole vyake vidogo, taratibu, akauweka juu ya goti la Asteria.

Akaubonyeza, ukae.